MOTAKAA KUUKUU IGEUKAPO NYUMBA

Mtu afikaye Malaba alfajiri, akitokea upande wa Bungoma, huona jambo ambalo wageni hulistaajabia na wenyeji wamekwisha kulizoea. Malori yamesimama kando ya barabara, moja nyuma ya jingine, na pembeni mwake madereva wananawa nyuso kwa maji ya dumu, wanapiga mswaki, na chai inachemka juu ya jiko lililofichwa na upepo nyuma ya tairi la trela. Watu hao hawakuamka katika nyumba ya wageni. Walilala garini, nyuma ya kiti, juu ya kitanda ambacho mtu hawezi kugeuka bila kugusa ukuta. Kutoka Mombasa mpaka mto Malaba ni safari ya zaidi ya kilometa 900, na katika safari yote hiyo lori ndilo nyumba yao na ndilo ghala yao.

Miongoni mwa malori hayo hupita magari mengine, machache, ambayo watoto hukimbia kuyatazama. Ni Land Rover na Toyota Land Cruiser za miaka mingi, zilizojengewa kitanda, kabati na jiko, na nyingine zina paa linaloinuka kama kifuniko cha sanduku. Aghalabu wenyewe ni wageni waizungukao Afrika kwa barabara, wakitoka Nairobi kwenda Kampala na mbele yake. Yapo pia makubwa zaidi ya namna hiyo, maana makampuni ya safari yalinunua malori ya Bedford yaliyomaliza kazi katika jeshi la Uingereza, yakayatia viti na masanduku ya vyombo, yakawapitisha watalii katika njia hii hii.

Ukilitazama gari kama hilo kwa karibu, utaona kwamba mara nyingi kazi yake si ya kiwandani. Ni mbao, bati, turubai, bawaba na uvumilivu. Vitu hivyo vyote hupatikana Busia na Malaba, hata uvumilivu, maana mji unaoishi kwa malori hauwezi kukosa mafundi wa kulehemu, wa kushona turubai na wa kunyosha springi. Kwa hiyo swali la mkulima ambaye Land Rover yake imelala chini ya mwembe, au la karani anayekaribia kustaafu na kukihesabu kiinua mgongo chake, si swali la upuuzi: je, gari kama hilo laweza kugeuzwa nyumba ya safari hapa hapa? Laweza. Lakini yako makosa yanayoifanya kazi hiyo kuwa hasara tupu, na yako mengine yanayoweza kumwua mwenye gari pamoja na watoto wake.

Wala msomaji asidhani kuwa hii ni anasa ya watalii peke yao. Mfanyabiashara afuataye siku za soko, mpima mashamba, fundi wa mitambo ya umeme wa jua, mtu mwenye kazi ya nyuki katika vijiji vya mbali, wote hulala nje ya nyumba zao mara nyingi kwa mwezi, na kila usiku huo hulipiwa.

GARI LA MKULIMA TANGU MWANZO

Land Rover yenyewe ilizaliwa shambani. Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa akilitumia huko gari la Jeep lililobaki kutoka vitani. Jeep hilo lilipochakaa alitaka gari la kushika mahali pake, na gari hilo likaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa alumini. Uhaba huo wa chuma ndio sababu magari mengi ya miaka hiyo bado yako hai, kwa kuwa bodi haikuliwa na kutu.

Watu hawakukawia kulala ndani yake. Mwaka 1955 wanafunzi sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London wakiwa na Land Rover mbili, wakafika Singapore mwaka 1956. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 kampuni ya Martin Walter, ya Folkestone, ilianza kuiuza Land Rover ndefu iliyogeuzwa kuwa nyumba kwa jina la Dormobile, yenye paa lililoinuliwa upande mmoja na turubai la milia kuizunguka nafasi iliyo wazi. Wajapani nao walikuwa na gari lao tangu mwaka 1951, nalo likapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Hapa Kenya kampuni ya Leyland ilianzishwa Thika mwaka 1974, na kiwanda hicho, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover nyingi zilizotumika katika idara za Serikali na mashambani. Mafundi wa Nairobi kwa muda mrefu wamekuwa wakiirefusha Land Cruiser na kuikata paa ili watalii wasimame na kutazama wanyama. Kuikata motakaa na kuiunga upya si elimu iliyofichwa.

Na Busia ndiyo ya mwisho kuambiwa kwamba chombo cha usafiri hakiwezi kufanywa kitu kingine. Ni katika mpaka huu, miaka ya 1960, ambapo vijana walitia kiti cha sponji nyuma ya baisikeli na kuwapeleka abiria na mizigo yao kutoka kituo cha forodha cha nchi moja mpaka cha nchi ya pili, wakiita "boda, boda!" Neno hilo limekwisha kuenea Afrika ya Mashariki yote na kuvuka mipaka yake.

MGONGO KWANZA, KITANDA BAADAYE

Anayenunua gari kuukuu kwa kazi hii hutazama rangi, viti na injini. Hayo yote hubadilishwa. Kisichobadilishwa kwa urahisi ni chasisi, yaani mgongo wa chuma ulio chini ya bodi, nao katika Land Rover huoza kimyakimya huku bodi ya alumini juu yake ikimetameta kama mpya. Basi hapana budi mnunuzi alale chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, aigonge chasisi kutoka mbele hata nyuma, hasa zinaposhikwa springi na chini ya bamba la nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu, na mara nyingine nyundo huingia ndani. Gari la namna hiyo laweza kutengenezwa, lakini gharama yake itakula fedha za kitanda, za kabati na za safari yenyewe.

Jambo jingine la mgongo huo ni namba. Namba ya chasisi imegongwa katika chuma, na fundi asiye mwangalifu huweza kuifunika kwa kiraka au kuisugua kwa mashine ya kusafishia kutu. Amefanya kazi yake vizuri sana, kisha mwenye gari anafika mpakani na hawezi kuthibitisha kwamba gari ni lake.

Baada ya mgongo huja uzito, na hapa ndipo wengi hukosea, maana seremala wa nyumbani hujenga kabati la garini kama ajengavyo kabati la sebuleni. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, wenye unene wa milimita 18, una uzito wa zaidi ya kilo 30. Mtu akitumia mbao nne za namna hiyo amekwisha kupakia watu wazima wawili kabla hajatia godoro. Afadhali milimita 9 iliyofungwa juu ya fremu nyembamba. Bati la chuma lenye unene wa milimita 2 lina karibu kilo 16 kwa kila mita ya mraba, na la alumini la unene huo huo lina kilo tano na nusu hivi. Maji nayo ni kilo moja kwa kila lita, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, na hayo hayaepukiki. Kila gari lilitoka kiwandani na bamba au kitabu kisemacho uzito wote liwezao kubeba. Hesabu hiyo ifanywe kwa kalamu, wala si kwa kukisia, na gari lipimwe kwenye mzani likiwa limejaa.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari yawahusu wenye magari ya tani tatu na nusu na zaidi, nayo Land Rover ya zamani haifiki hapo ikiwa haikuzidishiwa. Kwa hiyo hakuna askari wa mzani atakayemsimamisha mwenye gari dogo pale Webuye. Zitakazomsimamisha ni breki, au zitashindwa kumsimamisha. Land Rover hizo za kale zina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na mtu ajaye kutoka Nairobi hupita Timboroa, karibu futi 9,000 juu ya bahari, kisha hushuka maelfu ya futi mpaka afike Malaba. Breki za ngoma zikishika moto katika mteremko mrefu hulegea, na gari lililojengewa nyumba ya mbao nzito halina la kulizuia. Kwa sababu hiyo hiyo vitu vizito huwekwa chini na katikati ya magurudumu. Kupakia dari madumu, tairi la akiba na magunia ni kulifundisha gari kupinduka.

Kuhusu kitanda, kipimo ndicho mwamuzi. Land Rover fupi, ile ya inchi 88, haina nafasi ya mtu mzima kunyosha miguu nyuma, hata likitolewa kila kitu. Ile ndefu ya inchi 109 ina karibu futi sita kutoka mgongo wa kiti hadi mlangoni, nayo yamtosha mtu wa kimo cha kawaida. Njia iliyo rahisi na iliyojaribiwa ni kujenga masanduku mawili marefu juu ya matao ya magurudumu, moja kila upande, yenye vifuniko vya bawaba. Mchana masanduku hayo ni viti na ghala. Usiku mbao tatu hulazwa katikati yake na godoro la sponji lililokatwa vipande hutandikwa juu. Kila kitu kifungwe kwa bolti zipitazo hata chini, maana sanduku lililogongomewa misumari hulegea likipita barabara ya mashimo, na likitokea gongano humfuata dereva mgongoni.

Jambo moja ambalo mafundi wa mbao hawaambiwi: chuma na alumini zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Kila kipande cha chuma kinachofungwa kwenye bodi ya Land Rover kitiwe rangi, tena kiwekewe mpira katikati. Katika nchi ya mvua iliyo karibu na Ziwa, uharibifu huo haungoji miaka mingi.

HEWA, MBU NA JIKO

Vitabu vya Ulaya juu ya magari ya namna hii huandika kurasa nyingi juu ya baridi, namna ya kuziba kila ufa na kutia sufi katika kuta. Ushauri huo ukifuatwa Busia bila kufikiriwa utamfanya mtu alale katika chungu. Hapa adui ni joto, unyevu na mbu. Kaunti ya Busia ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye malaria nyingi, na gari lililoegeshwa karibu na vinamasi vya mto Sio bila wavu madirishani ni chakula cha mbu kilichofungwa vizuri. Wavu wenyewe si ghali. Madirisha yakatiwe fremu za mbao nyembamba zilizowambwa wavu, ziingizwe usiku na kutolewa asubuhi, na tundu la hewa liwe juu karibu na paa, na jingine chini upande wa pili. Hewa ya moto hutoka juu, ya baridi ikaingia chini. Paa likipakwa rangi nyeupe, tofauti yake hujulikana saa nane mchana.

Paa la kuinuka ni zuri, lakini si lazima kwa mwanzo. Fundi asiyejua kulizuia maji atalifanya gari kuwa birika. Turubai la lori lililofungwa ubavuni na kushikiliwa na miti miwili humpa mtu baraza ya kupikia na kuketi kwa gharama ndogo, na washonaji wake wako.

Kupikia nje ndiko jambo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Kuna watu wasio haba waliokufa vyumbani kwa kuingiza jiko la makaa ili wapate joto au kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha, na gari ni dogo kuliko chumba chochote. Makaa yakiungua hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kwa kukohoa, kama aamkavyo kwa moshi wa kuni. Usingizi wake huzidi kuwa mzito tu. Makaa yaliyofunikwa na majivu, ambayo mtu hudhani yamekwisha, bado hutoa sumu hiyo. Kwa hiyo jiko la makaa lisilale garini hata likiwa limepoa machoni, wala injini isiachwe ikinguruma watu wamelala ndani. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi bali hujikusanya sakafuni, chini ya kitanda, ikingoja kiberiti. Sanduku la mtungi lafaa liwe na tundu chini kabisa lipitalo hadi nje ya gari, na mtungi usimame wima daima. Madereva wa malori ya Malaba, ambao hakuna aliyewapa mafunzo hayo, huteremsha jiko chini na kupika kando ya gurudumu. Waigwe.

Taa ni kazi nyepesi. Betri ya pili, iliyotengwa na ile ya kuwashia injini, huwasha taa na kuitia moto simu usiku kucha bila kumzuia mtu kuondoka asubuhi, na sahani ndogo ya umeme wa jua darini huitunza gari likikaa siku nyingi.

KARATASI

Gari likiisha kujengwa, bado si la kuvuka mpaka. Bodi ikibadilishwa, kitabu cha gari nacho hakina budi kubadilishwa, yaani Halmashauri ya Taifa ya Usafiri na Usalama iarifiwe na gari likaguliwe. Anayelipuuza jambo hilo hataona ubaya wake mpaka siku ya ajali, bima itakapouliza kwa nini gari lililoandikwa la mizigo lina kitanda na watoto wanne. Katika nchi za COMESA bima ya safari ni ile Kadi ya Manjano, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1986, nayo humlipia dereva hasara atakayowafanyia wengine, wala si ya gari lake mwenyewe. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Busia ina kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa na Marais wa Kenya na Uganda tarehe 24 Februari 2018, na Malaba nako kuna utaratibu huo huo. Msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, naye huwakuta maofisa wa nchi zote mbili. "Mzee, gari hili ni la abiria au la mizigo?" ni swali la kwanza, na jibu lake lapasa liwe limekwisha andikwa kitabuni.

Kuna mtego mmoja ambao umewapokonya watu wa mpakani fedha zao. Mtu huonyeshwa Land Rover kuukuu yenye namba za nchi ya pili, bei ni nusu ya bei ya Nairobi, na mwuzaji ana haraka. Mara nyingi gari hilo liliingia kwa ruhusa ya muda na lapaswa kurudi kwao; ushuru haukulipwa. Wala mnunuzi asitumaini kwamba ataliandikisha baadaye, kwa kuwa kanuni ya Kenya yakataa kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka minane, na Uganda nayo tangu mwaka 2018 imeyakataa yaliyozidi miaka kumi na mitano. Siku ofisa wa forodha atakapolisimamisha, gari huchukuliwa pamoja na kitanda, kabati na kazi yote ya fundi. Lililoandikishwa Kenya tangu zamani, hata likiwa limechakaa zaidi na bei yake ikiwa kubwa, ndilo la kununua.

Kabla ya kwenda mbali, gari lijaribiwe likiwa na maji, mafuta, vyombo na watu wote watakaosafiri. Barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba kwa kupitia Alupe na Adungosi yatosha kwa kazi hiyo. Si ndefu, na fundi hayuko mbali. Mtu asikilize kinachogonga, apime springi zimeshuka kiasi gani, aguse ngoma za magurudumu kama zimepata moto. Kisha alale ndani uani kwake siku mbili, na moja yake iwe ya mvua. Mwezi wa Mei 2020, Uganda ilipokuwa ikiwapima madereva ugonjwa wa UVIKO mpakani, na tena Januari 2022 madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya vipimo hivyo, foleni ya Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilometa, na watu walikaa ndani ya magari yao siku nyingi. Waliokuwa na madumu mawili ya maji, wavu na godoro kavu walingoja. Wengine waliyaacha magari kwa zamu, wakatembea kwenda kutafuta maji.